Rili 9, kaseti 41 na wino mwekundu: kuokoa muziki wa bendi za mashirika ya umma

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Baba yetu alipiga gitaa la rizimu katika bendi ya shirika moja la umma tangu 1974 hadi 1988. Amefariki mwaka jana na kutuachia kasha la bati lenye rili 9 (mikanda ya sauti iliyozungushwa kwenye magurudumu), kaseti 41 (za dakika 60 ni 26, za dakika 90 ni 15), daftari la nyimbo ambalo mistari kadhaa imekatwa kwa wino mwekundu, na barua chache za shirika. Kaka yangu anasema tubaki na nyimbo za mapenzi na za misiba, zile za kusifu chama na kilimo tuzitupe kwa sababu "hizo waliimbishwa". Mimi nasita. Tuanze wapi kuziokoa? Ni mali ya nani? Na ni kweli akina baba hawakuwa huru?

JIBU: Marahaba mwanangu, na poleni kwa msiba. Msitupe kitu. Hata vumbi la kasha msilifute kwanza. Naanza na swali lako la mwisho, maana jibu lake ndilo linaloamua kaseti ipi iwahiwe kabla ya nyingine.

Bendi ya shirika la umma ilikuwa na mwajiri. Magitaa, ampu, tumba na spika vilikuwa mali ya shirika, na mpigaji alikuwa mwajiriwa mwenye mshahara. NUTA Jazz ilianza 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Vijana Jazz ilikuwa ya umoja wa vijana wa chama, Urafiki Jazz ya kiwanda cha nguo, Bima Lee ya Shirika la Bima la Taifa, na Polisi na Jeshi la Kujenga Taifa nao walikuwa na bendi zao. Mshahara ule ulimpa mwanamuziki aina moja ya uhuru ambayo wapigaji wengi wa leo hawana: hakulazimika kumpigia magoti mwenye baa, aliweza kukaa miezi akifanya mazoezi ya wimbo mmoja, na gitaa likivunjika halikumaliza kazi yake.

Upande wa pili kulikuwa na mlango mmoja tu wa kutokea. Redio ya bara ilikuwa moja, Radio Tanzania Dar es Salaam, ambayo wote tunaiita RTD. Televisheni bara haikuwapo hadi 1994. Kiwanda cha kubana sahani za santuri kinachofanya kazi hatukuwa nacho, kwa hiyo santuri za bendi zetu zilibanwa Nairobi, na mpaka na Kenya ukafungwa tangu Februari 1977 hadi Novemba 1983. Wimbo uliotaka kufika Mpanda au Lindi ulipaswa kupita studio ya RTD, na mashairi yalipitiwa kabla bendi haijaingia kurekodi. Waliopitia hawakuwa wanatishia hewa tupu. Operesheni Vijana, iliyoanza Januari 1969, ilikuwa imewasaka wavaa vimini, mawigi na suruali za kubana mitaani, na mwaka huohuo muziki wa soul ukapigwa marufuku Dar es Salaam. Mtunzi aliyeandika 1975 alijua mpaka uko wapi.

Sasa fikiria Jumamosi usiku ukumbini. Hapo hapakuwa na kamati ya kupitia mashairi mbele ya jukwaa. Ubeti uliokatwa ulirudi, jina la mtu likapenyezwa, chemko (sehemu ya mwisho ya wimbo, ya kuchangamka) ikanyooshwa dakika kumi, na fumbo ambalo redioni lilikuwa la mume mkorofi likaeleweka na wacheza dansi wote kuwa ni la meneja. Ndiyo maana wimbo mmoja wa zama zile mara nyingi una matoleo matatu: lile la daftari, yaani alichotaka kusema mtunzi, lile la rili ya RTD, yaani kilichoruhusiwa, na lile la kaseti ya ukumbini, yaani kilichosemwa hasa mbele za watu. Uhuru wa akina baba unapimika hapo, ubeti kwa ubeti, katika tofauti ya matoleo hayo matatu. Nyinyi huenda mna yote matatu ndani ya kasha moja. Ni nadra sana.

Kuhusu kaka yako: wapo walioimba Azimio la Arusha kwa imani ya kweli, wapo walioimba kwa sababu ni kazi, na mara nyingi alikuwa mtu yuleyule kwa siku tofauti. Nyimbo za chama ndizo zilizoihalalisha bajeti ya bendi iliyonunua nyuzi za magitaa ya nyimbo za mapenzi. Tena zina faida ambayo nyingine hazina: zinatoa tarehe. Mkizitupa, mtakuwa mmeshika wino mwekundu kwa zamu yenu.

Kabla ya mashine yoyote

Wiki ya kwanza isiwe ya kucheza mkanda. Toeni kila kitu kwenye bati na mkiweke chumba kikavu chenye kivuli, mbali na jiko, friji na spika kubwa (sumaku ya spika inaweza kufuta sauti). Pwani unyevu ni adui mkubwa kuliko joto. Lengo ni nyuzijoto 18 hadi 20 na unyevu wa hewa wa asilimia 30 hadi 40. Kwa nyumba ya kawaida hamtafika huko, lakini sanduku la plastiki lenye mfuniko unaobana, pamoja na vipakiti vya silika mnavyovikausha kila vinapolowa, litapunguza madhara sana. Rili na kaseti zisimamishwe wima kama vitabu, zisilazwe. Mkikuta chochote chenye ukungu mweupe, kitengwe kwenye mfuko wa karatasi na kisichezwe, maana ukungu utahamia kwenye mashine na kuambukiza mikanda mingine. Unapoushughulikia vaa barakoa na glavu.

Kila kitu kipewe namba sasa: R01 hadi R09, K01 hadi K41, D01 kwa daftari, B01 na kuendelea kwa barua. Namba iandikwe kwa penseli kwenye boksi au karatasi ya kaseti, si kwa kalamu ya wino juu ya maandishi ya marehemu. Halafu piga picha kila upande wa kila kitu, pamoja na boksi tupu, mgongo wa kaseti na kijikaratasi kilichodondoka. Boksi la rili mara nyingi lina tarehe, mwendo wa mkanda na majina ya nyimbo. Boksi likiachana na rili yake, nusu ya maana imepotea.

Daftari na barua: toa pini na steplesi zenye kutu kwa kuzikunjua, usizing'oe. Usilaminishe, usibandike selotepu, usipitishe kwenye mashine ya fotokopi yenye kuvuta karatasi. Skani kila ukurasa kwa dpi 400 (nukta 400 kwa kila inchi), kwa rangi, hata kurasa tupu, na uhifadhi faili la TIFF. Rangi ni lazima. Skani ya nyeusi na nyeupe itaufanya wino mwekundu ufanane na wa bluu, na hapo ushahidi wenyewe umekufa.

Nikuonye jambo moja kuhusu wino huo. Usidhani mara moja kuwa ni wa mkaguzi. Kiongozi wa bendi alikata mistari pia, kwa sababu haikukaa kwenye mizani au mwimbaji hakuweza kuvuta pumzi. Tazama kama kuna saini, muhuri au tarehe pembeni. Tazama kama kilichokatwa kimebadilishwa na kitu chenye idadi ileile ya silabi (hapo huenda ni ufundi wa utunzi) au kimeachwa pengo, au kimewekewa neno la jumla mahali palipokuwa na jina la mtu au la cheo (hapo shuku zaidi). Kisha linganisha na kaseti ya ukumbini. Mstari uliokatwa daftarini, ukakosekana kwenye rili, halafu ukaimbwa ukumbini na watu wakashangilia, hauhitaji maelezo mengine.

Kuzijua tarehe

Lebo nyingi hazitakuwa na mwaka. Tumieni majina. Wimbo unaoitaja TANU kama chama tawala umetungwa kabla ya 5 Februari 1977. Unaoitaja CCM ni baada ya hapo. NUTA Jazz, ikifuata majina ya chama cha wafanyakazi, iligeuka JUWATA Jazz mwishoni mwa miaka ya 1970 na OTTU mwanzoni mwa miaka ya 1990, kwa hiyo mtangazaji au mwimbaji akiitaja bendi kwa jina amekupa kipindi. Kampeni za redio nazo ni saa nzuri: Mtu ni Afya ni 1973, Chakula ni Uhai ni 1975, na nyimbo za kuhamia vijiji vya ujamaa zimekaa zaidi 1973 hadi 1976. Vita vya Kagera vilianza Oktoba 1978. Msako wa wahujumu uchumi ni 1983, na maombolezo ya Sokoine ni baada ya 12 Aprili 1984. Majina ya mitindo pia yanasaidia, Msondo, Sikinde, Kamanyola, Ndekule, kwa kuwa waimbaji waliyatamka katikati ya chemko.

Kumbuka tu kwamba tukio linakupa mwaka ambao wimbo haukuweza kuwapo kabla yake. Rekodi yenyewe inaweza kuwa ya miaka mingi baadaye.

Anzeni na kaseti, si rili

Watu wengi hukimbilia rili kwa sababu zinaonekana za thamani. Kwenu nashauri kinyume, isipokuwa rili iwe inanuka siki (nitaieleza). Wimbo uliorekodiwa RTD huenda bado una nakala kwenye maktaba ya shirika la utangazaji, ambalo tangu 2007 linaitwa TBC. Kaseti iliyorekodiwa ukumbini na shabiki mwenye redio kaseti haina ndugu duniani.

Tafuteni deki ya kaseti ya mezani iliyofanyiwa huduma, belti mpya, na hedi (kichwa kinachosoma mkanda) isiyo na mkwaruzo. Redio ndogo ya kubeba haifai. Safisha hedi na vyuma vyote vinavyoguswa na mkanda kwa kijiti cha pamba chenye alkoholi ya isopropili ya asilimia 99. Roli ya mpira isafishwe kwa maji yenye sabuni kidogo, kwa sababu alkoholi hukausha mpira. Rudieni usafi huo kila baada ya kaseti mbili au tatu, na kila mkiona utando wa kahawia.

Kabla ya kucheza, fungua dirisha la kaseti na utazame kile kipande kidogo cha sponji kilichoko nyuma ya mkanda. Gundi yake hukauka na sponji hudondoka. Bila hiyo sauti inakuwa ya mbali na inayumba. Kama kaseti imefungwa kwa skurubu tano, fungua, hamishia mkanda kwenye gamba zuri la kaseti nyingine, funga. Kama gamba limegundishwa, lipasue taratibu kwa kisu butu kwenye mshono, ukianzia upande usio na mkanda. Vunja vijipembe vya nyuma vya kuzuia kurekodi juu yake. Kisha peleka kaseti mbele hadi mwisho na uirudishe mara moja; mkanda uliokaa miaka 40 umeshikana tabaka kwa tabaka. Ikikwama, zungusha kwa penseli, usiiachie mota ivute. Kaseti za dakika 90 zina mkanda wa unene wa mikroni 12 hivi, za dakika 60 takriban 17, kwa hiyo zile 15 za dakika 90 ndizo zitakazokatika kirahisi.

Halafu kuna pembe ya hedi, azimathi. Kila mashine ilirekodi kwa pembe yake, na ukicheza kwa pembe nyingine sauti za juu (matoazi, ncha za solo, herufi s) zinapotea. Tafuta kiskurubu kidogo pembeni mwa hedi, unganisha chaneli mbili kuwa moja kwenye vipokea sauti vyako vya masikioni, na ukizungushe polepole sana, kidogo kidogo, hadi matoazi yang'ae kuliko yote. Rudia kwa kila kaseti na kwa kila upande wake. Wanaoruka hatua hii hulaumu kaseti kuwa "imezeeka" wakati kosa ni la mashine. Zima Dolby (mfumo wa kupunguza mchakacho wa mkanda), isipokuwa lebo iseme wazi ilitumika. Kwa rekodi za ukumbini karibu haikutumika kamwe.

Kasi ni tatizo la peke yake. Betri zikichoka wakati wa kurekodi, mkanda ulikwenda polepole, na ukiucheza leo wimbo unakimbia na sauti za waimbaji zinakuwa nyembamba, zikizidi kadiri usiku unavyosonga. Msijaribu kurekebisha wakati wa kuhamisha. Hamisheni ilivyo, kisha mrekebishe kwenye nakala. Kipimo kizuri kimejificha ndani ya rekodi: umeme wetu ni wa hezi 50, na ampu za ukumbini zilinguruma kwa mzunguko huo au maradufu yake. Programu ya kuchora masafa ya sauti ikionyesha mngurumo uko hezi 52, ujue mkanda unakwenda kasi kwa asilimia 4. Ukumbi ukiwa uliendeshwa kwa jenereta kipimo hiki hakiaminiki, basi mtafuteni mpigaji aliye hai aseme wimbo ulikuwa kwenye ufunguo gani.

Chezeni kila upande mpaka mkanda uishe kabisa, hata kimya kikiwa kirefu. Kaseti zilikuwa adimu sana miaka ya mwanzo ya 1980, watu walirekodi juu ya rekodi, na mara nyingi mkiani hubaki dakika mbili tatu za kile cha zamani.

Rili

Rili msizicheze wenyewe kama hamjawahi. Lakini mnaweza kuzipima. Shika rili mbele ya taa ukitazama ubavu wa mkanda: ukipitisha mwanga, huo ni asetati, wa zamani zaidi, ukiziba mwanga, ni poliesta. Nusa. Asetati inayooza hunuka siki, na mvuke wake huozesha jirani, kwa hiyo rili yenye siki itengwe leo, boksi lake liachwe wazi kidogo lipumue, na iwe ya kwanza kuhamishwa. Siki hairudi nyuma. Unaweza tu kuiwahi.

Poliesta za katikati ya miaka ya 1970 na kuendelea zina ugonjwa mwingine, hasa zenye mgongo uliopakwa rangi nyeusi, kama Ampex 406 na 456. Gundi inayoshikilia chembe za sumaku hunyonya unyevu na kuwa nata. Mkanda unapiga kelele kama mlango mbovu, unakwama, na unaacha utando mzito kwenye hedi. Huo utando ni muziki wenyewe unaobanduka. Simamisha mara moja. Tiba ya muda ni kuukausha kwa nyuzijoto 54 kwa saa 8 au zaidi katika mashine ya kukaushia vyakula yenye joto linalotulia, rili ikiwa imelala na kugeuzwa mara kwa mara, kisha kuuacha upoe muda uleule. Unapata wiki chache za kuuhamisha kabla haujanata tena. Usitumie oveni ya gesi, maikrowevu wala bati la juani. Na asetati haikaushwi kamwe: itajikunja na kukatika. Ndiyo maana kipimo cha taa ni cha lazima kabla ya tiba.

Rili ya inchi 7 yenye mkanda wa kawaida wa futi 1,200 hucheza dakika 32 kwa mwendo wa sentimita 19 kwa sekunde, na 16 kwa mwendo wa 38. Hizo ndizo kasi za studioni. Za nyumbani zilikuwa nusu ya 19, yaani 9.5. Mtangazaji akisikika kama katuni, mashine inakwenda mara mbili. Mkisikia chaneli moja inaimba vizuri na nyingine inaimba kinyumenyume, msishtuke: mkanda ulirekodiwa pande mbili na hedi inasoma zote kwa pamoja. Hamisheni mara moja, kisha igeuzeni ile ya pili kwenye kompyuta. Baada ya kucheza, acheni mkanda ukae ulivyoishia, mwisho ukiwa nje, bila kuurudisha kwa kasi. Mkanda uliorudishwa kwa kasi hujikaza vibaya, na mwangwi unaovuja kutoka tabaka moja hadi jingine husikika kabla ya wimbo kuanza.

Mafaili na hesabu yake

Rekodini faili la WAV, biti 24, hezi 96,000, chaneli mbili hata kama sauti ni mono, kwa sababu mara nyingi chaneli moja imeharibika kuliko nyingine na mtachagua baadaye. Kilele cha sauti kisipite desibeli 6 chini ya kikomo. Msisafishe kelele, msipandishe besi, msikate makofi wala maneno ya utangulizi. Nakala ya kusikiliza kwa simu itengenezwe pembeni kama MP3.

Saa moja ya faili kama hilo ni takriban GB 2.07. Kaseti zenu zikiwa zimejaa ni saa 48 na nusu; rili tisa za inchi 7 kwa mwendo wa 19 ni karibu saa 5. Jumla ni kama GB 110, ambayo hata diski ndogo inaibeba, kwa hiyo hakuna sababu ya kubana. Muda ndio mzigo: kila saa ya mkanda hesabuni saa tatu za kazi, yaani kama saa 160. Mkifanya saa nne kila Jumamosi kwa zamu, ni Jumamosi 40 hivi. Kwa hiyo mpangilio unahusu.

Wekeni nakala tatu kwenye vifaa viwili vya aina tofauti, na moja ikae mji mwingine kwa ndugu. Flashi si hifadhi. Kwa kila faili tengenezeni alama ya SHA-256 (msimbo unaokokotolewa na kompyuta, ambao hubadilika faili likiharibika) na muitunze kwenye faili la maandishi. Mara moja kwa mwaka ikaguliwe, na isiyolingana ibadilishwe kutoka nakala nzima. Jina la faili liwe K17_A.wav tu, na maelezo yote yakae kwenye jedwali: namba, upande, bendi, wimbo, mtunzi, waimbaji, solo, besi, mahali, tarehe na jinsi mlivyoijua, nani alikuambia, toleo (daftari, redio, ukumbi), na safu moja ya mistari inayotofautiana. Safu hiyo ya mwisho kwangu ni muhimu kuliko zote. Majedwali mengi ya nyimbo huiacha, na msikilizaji anabaki akidhani toleo la redio ndilo wimbo.

Mali ya nani

Tenganisheni kitu na haki. Kaseti na daftari ni mali ya warithi; msimamizi wa mirathi aliyethibitishwa na mahakama ndiye mwenye kusaini chochote. Rili yenye lebo au muhuri wa kituo cha redio inaweza kuwa mali ya kituo hata kama imelala kwenu miaka 40. Itunzeni, ihamisheni, na muwe tayari kuizungumzia kwa uwazi.

Haki ni tabaka kadhaa. Utunzi ni wa mtunzi, na kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki namba 7 ya 1999 unalindwa maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo. Waimbaji na wapigaji wana hakishiriki zao. Aliyegharamia kurekodi ana zake, na mwajiri wa zama zile anaweza kuwa na madai, kutegemea mkataba. Ndiyo maana barua za shirika, hata ya likizo au ya kupandishwa cheo, zisidharauliwe: zinaonyesha masharti ya ajira. Baba alikuwa mpigaji wa rizimu. Nyimbo alizotunga yeye ni za kwenu kusimamia, zile za wenzake si zenu. COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ndiyo mahali pa kusajili na kuuliza kwa bara. Zanzibar ina sheria yake ya 2003 na COSOZA yake, ikiwa mna taarabu humo.

Kuhamisha kwa ajili ya kutunza nyumbani ni jambo moja, kupandisha mtandaoni ni jingine. Kabla ya kupandisha, tafuteni watunzi au warithi wao kwa majina ya daftarini.

Mkitaka kukabidhi taasisi, kama Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, TBC au TaSUBa (Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo), toeni nakala kwanza na asilia baadaye, kwa barua iliyosainiwa pande mbili. Barua iseme: orodha kwa namba zenu, kwamba mkusanyiko hautagawanywa, kwamba hakuna wimbo utakaoondolewa kwa maudhui yake, nani ataruhusiwa kusikiliza, na kwamba familia ina haki ya kupata nakala bure. Sharti la kutoondoa kwa maudhui msilipunguze. Baada ya 1985, na hasa mashirika yalipoanza kubinafsishwa na redio binafsi kuingia katikati ya miaka ya 1990, bendi nyingi za umma zilikosa mlezi na vyumba vyao vikasafishwa na watu waliodhani nyimbo za ujamaa hazina mteja tena. Kabla yake ilikuwa mistari ya kulalamika inayokatwa. Baada yake zikatupwa za kusifu.

Na wakati kaseti zinaendelea, tafuteni waliopiga na baba. Hii ndiyo kazi ambayo haisubiri mashine. Nendeni asubuhi, saa moja na nusu inatosha kwa mzee, mkiwa na picha ya ukurasa wa daftari na simu yenye wimbo wenyewe. Msimuulize kama walikuwa huru, maana swali hilo litakuletea hotuba. Mchezesheni ubeti wa redio, kisha wa ukumbini, mumwonyeshe mstari uliokatwa, halafu muulizeni: hapa palikuwa na neno gani, nani alisema litoke, siku gani mliliimba tena, na ukumbi ulifanya nini mlipoliimba? Rekodini majibu kwa WAV pia, nayo myape namba: M01.